Barua ya wazi: Chupa ya mitishamba ikiandikwa "nano", ipimwe kama dawa mpya

Kwa: Wenye dhamana ya usajili wa dawa, usimamizi wa tiba asili na huduma za saratani, Tanzania

Waheshimiwa,

YAH: DAWA ZA MITISHAMBA ZINAZOUZWA KWA WAGONJWA WA SARATANI KWA JINA LA NANOTEKNOLOJIA

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mfamasia hapa Dar es Salaam, na kazi yangu ni kuandaa dawa za saratani. Kabla ya kuja hadharani nilifuata ngazi. Nilipeleka malalamiko kwa maandishi, yakagongwa muhuri wa kupokelewa, nikaambiwa nisubiri. Nilipofuatilia, ofisi ya kwanza ilinieleza kuwa mitishamba haiko chini yake. Ya pili ikasema mambo ya nanoteknolojia, yaani kutengeneza vitu kwa chembe ndogo mno, ni ya kitaalamu mno, nirudi kulekule nilikotoka. Barua inazunguka, na chupa zinaendelea kuuzwa stendi, kwenye maduka ya dawa asili na kwenye makundi ya WhatsApp ya wauguzaji.

Nieleze chupa yenyewe ikoje. Mojawapo niliipata kwa binti aliyekuwa anamuuguza mama yake, mgonjwa wa saratani ya matiti aliyekuwa kwenye dripu za paklitakseli, dawa ya saratani. Ni chupa ya plastiki ya mililita 500, ndani ina maji ya rangi ya kahawia. Lebo imechapwa vizuri, ina picha ya jani la mstafeli na maandishi kwamba dawa imetengenezwa kwa nano na "inaingia moja kwa moja kwenye seli za saratani". Haina namba ya toleo, haina tarehe ya kutengenezwa, wala haisemi ina kiasi gani cha kitu gani. Anwani ni namba ya simu tu. Chini ya chupa yametuama machicha yanayoonekana kwa macho, ilhali chembe ya nano haionekani hata kwa darubini ya kawaida ya maabara. Familia ilikuwa imelipa shilingi laki moja na themanini kwa chupa hiyo. Binti aliniuliza: "Dokta, kama hii inaingia moja kwa moja kwenye ugonjwa, mama aendelee na dripu kwa sababu gani?"

Swali lake ni la haki kabisa, na anayetakiwa kulijibu kabla chupa haijafika mikononi mwake ni ninyi.

Siandiki kuipinga mimea. Sehemu kubwa ya dawa ninazozishika zimetoka mimeani. Vinkristini, inayotibu watoto wenye saratani ya damu, inatokana na Catharanthus roseus, ua la asili ya Madagaska linalopandwa kwenye nyua nyingi za mji huu. Etoposidi, irinotekani na dositakseli zote zina mizizi mimeani. Wala sipingi nanoteknolojia, kwa sababu nimesoma ilivyosaidia. Ninachodai ni kimoja. Maneno ya kwenye lebo yakiwa ya kweli, chupa hiyo ni dawa mpya na inapaswa kupimwa kama dawa mpya. Yakiwa ya uongo, ni udanganyifu kwa mgonjwa na inapaswa kuondolewa sokoni. Sioni nafasi ya tatu.

Hoja zangu ni hizi.

1. Kinachobeba dawa ni sehemu ya dawa. Hapa naomba mnivumilie niende taratibu, maana ndipo penye kiini cha malalamiko yangu.

Paklitakseli ilitokana na gome la mti uitwao Taxus brevifolia, sampuli zake zikakusanywa mwaka 1962 katika misitu ya jimbo la Washington, Marekani. Wanakemia Monroe Wall na Mansukh Wani walitangaza umbo la molekuli yake mwaka 1971. Mwaka 1979 mtafiti Susan Horwitz alionyesha jinsi inavyozuia seli isigawanyike. Iliidhinishwa Marekani Desemba 1992, miaka 30 tangu gome libanduliwe. Kikwazo kimojawapo kilichoisumbua njiani ni kwamba haiyeyuki kwenye maji. Ikabidi iyeyushwe kwenye Cremophor, yaani mafuta ya nyonyo yaliyobadilishwa kikemikali, pamoja na spiriti. Mafuta hayo ndiyo yanayotulazimisha kumpa mgonjwa deksamethasoni na dawa za mzio kabla ya dripu, kwa kuwa wapo waliobanwa kifua na kushuka presha katika dakika za mwanzo. Ndiyo yanayotufanya tukatae mifuko ya kawaida ya PVC, kwa sababu yanachomoa kemikali kutoka kwenye plastiki na kuziingiza kwa mgonjwa. Tunaweka chujio la mikroni 0.22 kwenye mpira wa dripu, kisha mgonjwa anakaa na dripu saa 3.

Hapo ndipo nano ilipofanya kazi ya kweli. Watengenezaji wa dawa iitwayo Abraxane walichukua paklitakseli ileile, wakaifunga kwenye albumini, protini iliyomo ndani ya damu yetu, ikawa chembe zenye wastani wa nanomita 130. Unywele wa binadamu una unene wa takriban nanomita 80,000. Cremophor ikaondoka, na dripu ikashuka hadi dakika 30. Dawa hiyo iliidhinishwa Marekani Januari 2005, lakini baada ya kufanyiwa utafiti wake yenyewe. Hakuna aliyesema "paklitakseli tunaijua tayari, iacheni ipite".

Utafiti huo ulihusisha wanawake zaidi ya 450 wenye saratani ya matiti iliyosambaa. Uvimbe ulipungua kwa asilimia 33 ya waliopewa chembe za albumini, na kwa asilimia 19 ya waliopewa dawa ya zamani. Hiyo ni faida kubwa. Lakini ganzi kali ya mikono na miguu iliwapata asilimia 10 ya waliopewa chembe za albumini, dhidi ya asilimia 2 tu ya wale wengine. Dozi nayo ilikuwa tofauti: miligramu 260 kwa kila mita ya mraba ya mwili, badala ya 175. Molekuli ni moja, kilichobadilika ni kibebeo, na pamoja nacho vikabadilika nguvu, madhara na dozi. Mfamasia akimpa mgonjwa moja badala ya nyingine kwa dozi ileile, amemuumiza.

Basi mtu anayedai ameufanya mstafeli kuwa nano anadai kwamba amebadilisha nguvu yake, madhara yake na dozi yake. Yuko wapi aliyempima?

2. Pwani yetu wenyewe imeshatoa mfano. Katika miaka ya 1970 Wamarekani walivuna takriban tani 27 za mti uitwao Maytenus buchananii katika Milima ya Shimba, Kwale, kule kwa jirani zetu Kenya. Walikuwa wanatafuta maitansini, kiambata kinachoua seli za saratani kwa kiasi kidogo mno. Kilipojaribiwa kwa wagonjwa kikashindikana: kilikuwa sumu kwa mwili mzima, majaribio yakaachwa. Ndugu yake wa kimaabara alipata kazi miongo kadhaa baadaye, pale alipofungwa kwenye kingamwili, yaani protini ya kinga, inayoitambua HER2, alama iliyo nyingi kwenye baadhi ya saratani za matiti. Kingamwili hiyo, yenye ukubwa wa nanomita 10 hivi, hushika seli, seli huimeza, na sumu hufunguliwa ndani. Hiyo ndiyo Kadcyla, iliyoidhinishwa Marekani Februari 2013. Leo kiambata chake cha kuanzia kinatokana na bakteria, si miti tena.

Nataja Shimba kwa sababu kila nikizungumza jambo hili huambiwa kuwa haya ni mambo ya Wazungu. Mti ulikuwa wa kwetu, wa mwambao huuhuu. Kilichokosekana kwetu ni miaka ya kuupima.

3. Mstafeli una annonasini. Kiambata hiki kipo kwenye majani, matunda na mbegu zake, na kinazima mitambo ya nishati ndani ya seli. Ndiyo maana kwenye sahani ya maabara kinaua seli za saratani vizuri sana, na picha hizo ndizo zinazozungushwa kwenye simu. Mwaka 1999 watafiti wa kisiwa cha Guadeloupe, Karibi, waliripoti wagonjwa wengi wa ugonjwa usiosikia dawa za kawaida, unaofanana na Parkinson (maradhi ya ubongo yanayoleta kutetemeka na kukakamaa mwili), na wakauhusisha na unywaji wa muda mrefu wa chai na matunda ya jamii ya mstafeli. Baadaye panya walipopewa annonasini mfululizo, seli za ubongo wao ziliharibika.

Kikombe cha juisi ya stafeli siku ya Jumapili sina ugomvi nacho. Lakini mgonjwa aliye kwenye paklitakseli au vinkristini tayari mishipa yake ya fahamu imeguswa. Wengine hawawezi kufunga kifungo cha shati, wengine kandambili inawatoka mguuni bila wao kujua. Mgonjwa huyo anapewa mstafeli uliokolezwa, na muuzaji anajisifu kwamba nano inaufikisha ndani zaidi. Akiwa anasema kweli, ndani huko ni pamoja na kwenye mishipa yake ya fahamu.

4. Manjano yaliyoongezewa nguvu si manjano ya mchuzi. Kurkumini, kiambata cha manjano, hupita tumboni bila kufyonzwa kwa wingi, na ini huivunja haraka. Ndiyo sababu wauzaji huchanganya piperini ya pilipili manga au hudai kuifanya nano, ili iingie kwa wingi. Pale ilipoingia kwa wingi, tumeona ini linavyoumia. Marekani, mtandao wa madaktari wanaofuatilia ini lililoharibiwa na dawa uliripoti mwaka 2022 wagonjwa 10 waliodhuriwa na manjano ya vidonge, watano kati yao wakalazwa na mmoja akafariki. Italia nayo ilipata wagonjwa wa homa ya ini kutokana na bidhaa za manjano mwaka 2019. Tena piperini inazuia kimeng'enya ambacho ini linakitumia kuvunja dawa kadhaa za saratani, paklitakseli ikiwemo. Mgonjwa anaweza kuja na chembe za damu zilizoshuka kuliko tulivyotarajia, nasi tukailaumu dozi yetu huku hatujui kilichoko jikoni kwake.

5. Hakuna "moja kwa moja". Wataalamu waliokusanya tafiti za miaka 10 kuhusu chembe za nano kwa wanyama wenye uvimbe walitangaza mwaka 2016 kuwa, kwa wastani wa kati, ni asilimia 0.7 tu ya dozi inayofika kwenye uvimbe. Kiasi kikubwa hunaswa na ini na wengu. Hizo ni chembe zilizotengenezwa na mabingwa na kuchomwa kwenye mshipa. Ya kunywa inakutana kwanza na asidi ya tumbo, kisha nyongo, kisha ini. Muuzaji wa stendi hana haki ya kumuahidi mgonjwa kile ambacho maabara kubwa za dunia hazijakifikia.

6. Hatujui kilichomo. Njia rahisi ya kutengeneza chembe za nano kwa mimea ni kuchanganya maji ya majani na chumvi ya fedha, ile madini, na vyuo vingi duniani vimeandika makala za namna hiyo. Je, kuna fedha kwenye chupa hizi? Madini ya risasi? Steroidi za kumfanya mgonjwa apate hamu ya kula na kujiona amepona? Hakuna anayejua, kwa sababu hakuna anayepima.

Najua majibu yatakayokuja, kwa hiyo niyajibu kabisa.

Mtasema ni tiba asili, imetumika tangu enzi za mababu. Babu zetu walichemsha majani, wakanywa, na miaka mingi ya matumizi ikawafundisha kiasi cha kunywa. Hawakunywa chembe za nanomita 100. Uzoefu wa chai hauwezi kuwa cheti cha kitu ambacho mtengenezaji mwenyewe anasema si chai tena. Mganga wa kweli anayeujua mti wake na kipimo chake ndiye wa kwanza kuharibiwa jina na biashara hii.

Mtasema hamna vifaa. Kupima ukubwa wa chembe kwa mashine ya mwanga ni kazi ya saa chache, si ya miaka. Na hata bila mashine mnaweza kuanza na karatasi: mwiteni muuzaji alete ushahidi wake. Mzigo wa kuthibitisha ni wake, si wa mgonjwa na si wangu.

Mtasema tutaua ubunifu wa vijana wetu. Chuo Kikuu cha Afya cha Muhimbili kimekuwa na kitengo cha utafiti wa tiba asili tangu 1974. Wapo vijana wanaokesha wakitenganisha kiambata kimoja kutoka kwenye mzizi mmoja, na fedha za kwenda hatua ya pili hawazipati. Ubunifu unauawa pale muuza chupa anapopata kwa mwezi mmoja kile ambacho mtafiti hakipati kwa shahada nzima, na wote wawili wanaitwa wataalamu wa nano.

Mtasema dawa za hospitali ni ghali na foleni ni ndefu, ndiyo maana watu wanakimbilia huko. Hili ni kweli, na linaniuma. Wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani ulikadiria kwamba mwaka 2020 Watanzania zaidi ya 40,000 waligundulika kuwa na saratani, na wengi wanatufikia wakiwa wamechelewa. Lakini ughali wa tiba ya kweli si kibali cha kuwauzia tiba ya uongo. Mwaka 2011 tuliona watu wakitoka kwenye vitanda vya hospitali kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba cha shilingi 500, na wapo waliofia njiani. Wakati ule ilichukua muda mrefu mno serikali kuwaambia wananchi wasiache dawa zao. Safari hii kikombe kinauzwa kimyakimya, kwa simu, na bei yake ni mara mia tatu na zaidi.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, na naomba yajibiwe moja moja.

(a) Ndani ya siku 60, tangazeni orodha ya bidhaa zote za mitishamba zilizosajiliwa nchini zinazotumia neno nano, zikiwa na namba zake za usajili. Isiyo kwenye orodha iondolewe sokoni.

(b) Semeni kwa maandishi ni nani anawajibika. Tuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Na. 23 ya mwaka 2002, na tuna Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura ya 219. Kama chupa hizi zimeangukia katikati ya sheria hizo mbili, undeni kamati moja ya pande zote mbili na muipe jina, mlango na namba ya simu.

(c) Bidhaa yoyote inayodai nano ilete ukubwa wa chembe zake, kilichotumika kuzibeba, kiasi cha kiambata katika kila dozi, na uthibitisho kwamba haibadiliki ikikaa dukani kwenye joto la Dar es Salaam. Ikitaja saratani, ilete matokeo ya majaribio kwa binadamu. Seli za kwenye sahani na panya havitoshi.

(d) Wakaguzi wachukue sampuli sokoni bila taarifa, wapime chembe, madini na steroidi, na matokeo yatangazwe kwa jina la bidhaa. Chupa niliyoieleza ninayo, imefungwa, iko kwenye jokofu. Nitaikabidhi kwa mkaguzi yeyote mwenye kitambulisho na hati ya kupokelea.

(e) Matangazo ya redio, televisheni na mitandao yanayodai kutibu saratani kwa nano yasimame hadi (c) itimie.

(f) Fomu ya njano ya kuripoti madhara ya dawa itumike waziwazi kwa mitishamba pia, na kila kliniki ya saratani iwe na mahali pa kuandika anachokunywa mgonjwa nyumbani. Wauguzi na madaktari wenzangu naomba tuulize bila kukaripia. Mgonjwa aliyefokewa mara moja hatasema tena.

(g) Tengeni fungu la utafiti kwa mimea michache iliyoonyesha dalili njema, ifuatiliwe kuanzia maabara hadi kwa mgonjwa. Mikataba iandikwe mapema, ili yaliyotokea Shimba yasijirudie kwenye misitu ya Usambara na Uluguru.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 30. Nitalichapisha lote kama litakavyokuja, bila kupunguza neno, na niko tayari kuitwa mbele ya kamati yoyote kuyarudia haya nikiwa na vielelezo.

Wenu katika kazi,

Mfamasia wa dawa za saratani,
Dar es Salaam

Nakala: Wabunge wa kamati inayoshughulikia afya, vyama vya wafamasia na vya waganga wa tiba asili, vikundi vya wagonjwa wa saratani na wauguzaji wao